Mkanda wa HP5 unatoka mweusi kupita kiasi na una madoa: maji ya Bagamoyo yana nyuzi 29

Mwambao35

Wakuu, habari za leo. Nasafisha mikanda ya picha nyumbani, Bagamoyo: HP5 Plus ya milimita 35, dawa ya ID-11, nusu dawa nusu maji, dakika 13 kama karatasi ya watengenezaji inavyosema. Maji ya ndoo mchana yanasoma nyuzi 29. Fiksa (dawa ya kukazia picha) inakaa kwenye friji. Negativu zinatoka nyeusi mno, mchanga wa ufukweni umeziba kabisa, hauna alama yoyote, chembe zinaonekana kwa macho, na kwenye anga kuna viduara vyenye ukingo. Tatizo ni dawa, maji au kamera? Na zikitoka vizuri, nazihamishaje kwenye kompyuta bila skana?

FundiTangi

Mkuu, zile dakika 13 ni za nyuzi 20. Joto likipanda kwa nyuzi moja, muda unapungua kwa takriban asilimia 10. Ukipiga hesabu mpaka 29 unabaki na kama dakika 5 tu. Umeupika mkanda zaidi ya mara mbili ya muda wake, ndiyo maana sehemu zenye mwanga mwingi zimeziba.

Lakini usikate muda halafu ukaishia hapo. Chini ya dakika 5 dawa haiwahi kuenea sawasawa, utapata michirizi inayotokea kwenye matundu ya pembeni. Shusha joto hadi 24, kisha safisha kwa dakika 9. Beseni la lita 5 za maji linahitaji chupa moja ya nusu lita iliyogandishwa, na barafu itabaki. Dawa, fiksa na maji ya kuoshea vyote vikae humo pamoja. Barafu isiingie ndani ya dawa yenyewe, ikiyeyuka inaharibu kipimo. Kipimajoto nacho kiwe ndani ya dawa, kwa sababu maji ya beseni hupoa kwanza na kukudanganya. Kikisoma 24, toa chupa.

Siku umeme umekatika na barafu hakuna, tumia 1+3: mililita 75 za dawa na 225 za maji kwa tangi la 300. Kwa nyuzi 20 ni dakika 20, kwa 24 ni 14, kwa 27 ni kama 10. Ukimaliza mwaga, dawa nyepesi namna hiyo hairudiwi.

Fiksa ya friji ndiyo kosa kubwa hapo. Jelatini ya mkanda ikikaa kwenye dawa ya moto huvimba na kulainika. Ukiimwagia kitu cha baridi inajikunja ghafla, chembe zinasukumana na kurundikana. Hizo ndizo unazoziona. Kila kitu kinachogusa mkanda kiwe na joto moja, hata maji ya mwisho. Na kabla ya kila mkanda ijaribu fiksa: tumbukiza kipande cha ncha ya mkanda, hesabu sekunde mpaka kiwe wazi, zidisha mara mbili, huo ndio muda wako. Sekunde za kuwa wazi zikifika maradufu ya zile za fiksa mpya, imekwisha nguvu.

Viduara vya angani ni matone yaliyokauka yakaacha chumvi. Hilo ni la maji.

Jicho_la_Kaole

Naunga mkono, ila kamera nayo ichunguzwe kabla ya kusamehewa. Fungua ukurasa mweupe kwenye simu, weka negativu juu yake, tazama namba za pembeni, zile zilizopigwa kiwandani. Kamera yako haikuhusika nazo hata kidogo. Zikiwa nyeusi tii na kingo zake zimetanuka, mkanda umepikwa. Zikiwa na kingo kali lakini picha ndiyo nyeusi, umeingiza mwanga mwingi. Na ule upenyo kati ya picha na picha ukiwa wa kijivu kizito, mkanda ulikaa kwenye joto au umepitwa na wakati.

Kuhusu ufukweni: kipimo cha kamera kikiona mchanga mweupe kinaufanya kijivu kwa kupunguza mwanga, na uso wa mvuvi aliyesimama hapo unabaki bila alama yoyote kwenye negativu. Pima uso wake kwa karibu, kisha punguza hatua moja (nusu ya mwanga), maana kipimo kinataka kuifanya ngozi nyeusi iwe ya kijivu. Bagamoyo inatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua linatoka nyuma ya majahazi na utapata maumbo meusi matupu. Ukitaka mbao na misumari ionekane, nenda alasiri, jua likiwa mgongoni mwako. Jua kali lisilo na wingu kwa ISO 400 (wepesi wa mkanda kupokea mwanga) ni kasi ya 1/500 na tundu la f/16.

Bi_Makro

Hilo la skana lisikusumbue, kaka. Kamera ya dijitali ya megapikseli 24 yenye lenzi ya makro (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu) inatosha: picha ya milimita 36 ikijaza pikseli 6000 unapata kama 4200 kwa inchi. Chini weka taa bapa ya LED yenye CRI (kipimo cha ubora wa mwanga katika kuonyesha rangi) ya 95 au zaidi. ISO 100, f/8, RAW (faili ghafi), kipima muda cha sekunde 2 ili mkono usitikise.

Kinachowashinda wengi ni kamera kutokuwa sambamba na mkanda, kona moja inatoka kali na nyingine laini. Weka kioo kidogo cha kujitazamia mahali pa negativu. Ukiona duara la lenzi yako katikati kabisa ya picha, umepatia. Zungushia negativu karatasi nyeusi, ila acha ukingo mwembamba wa mkanda mtupu uonekane.

Ukingo huo utauhitaji kwenye darktable, programu ya bure. Fungua moduli ya negadoctor, chagua mkanda mweusi na mweupe, chukua D min (weusi mdogo kabisa) kwenye ule ukingo mtupu, kisha D max (weusi mkubwa kabisa) kwenye picha yenyewe. Halafu rekebisha weusi wa karatasi na gredi yake. Moduli za filmic na sigmoid zizimwe, maana negadoctor inafanya kazi hiyo tayari na picha itakakamaa mara mbili.

Mwambao35

Nashukuru sana. Namba za pembeni ni nyeusi na zimetanuka, kwa hiyo nimepika. Maji ya betri yanafaa kwa suuza ya mwisho?

FundiTangi

Yale yaliyosafishwa kwa mvuke ndiyo. Soma chupa vizuri, dukani hukaa rafu moja na asidi ya betri. Kwanza osha hivi: jaza tangi, geuza mara 5, mwaga, jaza tena, mara 10, mwaga, mara ya tatu 20. Kisha maji ya betri nusu lita na mililita 2.5 za Photo-Flo (kimiminika kinachofanya maji yateleze bila kuacha matone), dakika moja bila kutikisa, maana povu nalo huacha duara. Anika bafuni, mlango na dirisha vimefungwa, kibanio kizito chini. Usianike barazani, upepo wa bahari unarudisha chumvi ileile.