Maiki ya hedseti inasikika kwa mbali sana kwenye gemu

Muulizaji:
Wakuu, naomba msaada. Nikicheza na wenzangu wanasema sauti yangu iko mbali, kama naongea nikiwa chumba cha pili, tena imefubaa. Natumia Windows 11 kwenye kompyuta ya mezani. Hedseti ni ya waya, ina pini moja ya milimita 3.5, nimeichomeka kwenye tundu la waridi nyuma ya mashine. Gemu lenyewe nalisikia kwenye spika. Kiwango cha maiki kiko 100 tayari. Hedseti hiyohiyo kwenye simu inasikika safi.

Jibu 1:
Mkuu, acha mipangilio kwanza, tazama pini. Hesabu mistari myeusi. Ikiwa mitatu, pini ina sehemu nne: spika mbili, waya wa ardhi na maiki. Tundu la waridi hutafuta maiki kwenye ncha, na hapo kwenye ncha hedseti yako ina spika ya sikio la kushoto. Spika ina koili na sumaku, kwa hiyo ukiongea hutikisika na kutoa umeme kidogo sana. Inawezekana wenzako wanakusikia kupitia spika ya sikioni!

Jaribu hivi: anza kurekodi, gonga maiki kwa ukucha, kisha gonga kikombe cha sikio la kushoto. Sikiliza kipi kimeingia kwa nguvu.

Muulizaji:
Mistari ni mitatu. Sikio la kushoto linapiga kishindo, maiki karibu kimya. Nitafute nini?

Jibu 1:
Kigawanyi cha Y chenye tundu moja la kike kwa hedseti na pini mbili za kiume, kila pini na mistari miwili. Pini yenye alama ya maiki iende kwenye waridi, ya hedifoni kwenye kijani. Usichukue kile cha kusikiliza watu wawili. Kwa macho vinafanana, ila hicho hakina njia ya maiki.

Jibu 2:
Ukishachomeka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Nenda kichupo cha kurekodi, bofya maiki mara mbili, fungua viwango. Chini ya kiwango cha kawaida, maiki za tundu kwa kawaida huwa na kidhibiti cha pili cha kukuza mawimbi, hatua za desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 10 hadi 30. Weka 10, ongea kwa sauti yako ya kwenye gemu, rekodi. Haitoshi, weka 20. Vilele, yaani sehemu za sauti zilizo juu kabisa kwenye rekodi, vikicheza kati ya desibeli -12 na -6, simama hapo. (Maiki za USB mara nyingi hazina kidhibiti hiki kwa kuwa kikuza sauti kiko ndani ya maiki yenyewe.)

Jibu 3:
Naongezea: 30 iepukeni. Inakuza pia mvumo wa feni na mlio wa saketi, halafu mtu anawasha kichuja kelele kinachokula mwanzo wa maneno. Afadhali usogeze maiki. Kutoka sentimita 10 hadi 5 unapata takriban desibeli 6 bila kelele ya ziada. Iweke pembeni kidogo mwa mdomo ili pumzi isiipige.

Na kama rekodi ni nzuri lakini gemu bado linanong'ona, hakikisha gemu halijachagua maiki ya kamera. Pia kuna programu za mazungumzo zinazojirekebishia kiwango cha maiki. Kwenye Discord zima udhibiti wa sauti wa kiotomatiki, kisha tazama kama kile kiwango cha Windows bado kinashuka chenyewe ukiwa unaongea.

Muulizaji:
Kigawanyi kimefanya kazi. Nimeweka 10, vilele vinafika -9, na nikigonga sikio la kushoto hakiingii kitu. Asanteni sana wakuu.