Mjadala: Kwenye gorogoro, lebo ya GMO itabandikwa wapi?

Jumamosi nilikuwa Kawangware kununua mahindi ya githeri. Mama anayeniuzia alijaza gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, akaligonga ubavuni mahindi yashuke, akaongeza hadi yakaanza kumwagika. Nikamtania: haya si GMO kweli, yale ya jeni zilizobadilishwa maabara? Akacheka. "Haya ni ya Kitale, baba." Amejuaje? Mwenye lori amesema.

Ndiyo maana huu ugomvi wetu wa "inaua, haiui" umeanza kunichosha. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku GMO Novemba 2012, baada ya mwanasayansi Mfaransa Gilles-Éric Séralini kutoa utafiti wake uliodai kwamba panya waliolishwa mahindi ya GMO walipata uvimbe. Mwaka uliofuata jarida lililouchapisha likauondoa, lakini marufuku ikakaa hadi Oktoba 2022, na baada ya hapo tukahamia kortini. Wananchi walipouliza maswali, Moses Kuria, waziri wa biashara wakati huo, akajibu kwamba kuishi tu nchini humu tayari ni kuwa mgombea wa kifo, kwa hivyo GMO si neno. Halafu tunaambiwa watu wanaogopa kwa sababu hawakusoma!

Kanuni za 2012 zinataka chakula chenye zaidi ya asilimia 1 ya GMO kiwe na lebo. Sawa kwa pakiti ya supamaketi. Mahindi ya gorogoro je, ambayo yameshachanganywa gunia kwa gunia pale Nyamakima, kwa wauzaji wa nafaka wa jijini Nairobi, kabla hayajafika kwa mama?

Kwa mimea iliyohaririwa jeni, yaani jeni zake zenyewe zimerekebishwa, hata hiyo pakiti haitatuambia kitu. Kwa mwongozo wa 2022, mmea usiobaki na DNA ya kigeni, yaani ya kiumbe kingine, unaweza kuchukuliwa kama mbegu ya kawaida. Si kwamba naipinga kazi yenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta wanahariri mtama kwa ajili ya kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi. Mizizi ya mtama hutoa kemikali inayoamsha mbegu za kayongo. Wao wanabadilisha jeni ya mtama wenyewe ili kemikali hiyo isiwe ileile. Ugali wa mtama huo ningekula leo. Ila ningependa kujua ndio ninaokula.

Msimamo wangu: ukaguzi uanzie kwenye gunia, bohari na kinu cha posho. Semeni.

*Jibu la kwanza*
Kaka, wewe unawaza tumbo, mimi nawaza mbegu. Shosho wangu kule Murang'a huning'iniza magunzi ya mbegu juu ya meko yakaushwe na moshi. Jirani akipanda mahindi ya GMO, chavua itauliza mpaka wa shamba uko wapi?

*Jibu la pili*
Mnaongea kama watu wenye uchaguzi. Unga ukipanda bei, nani husoma lebo? Na mahindi yaliyoua watu 125 Ukambani mwaka 2004 yalikuwa na sumu kuvu, ile sumu ya ukungu (aflatoxin). Jeni zake hakuna aliyezigusa.

*Mwanzisha mada*
Dada, kwa chavua umenishika, sina jibu. Ndugu wa pili, hiyo sumu kuvu ndiyo hoja yangu hasa: gunia lisilopimwa sumu kuvu ndilo hilohilo lisilopimwa GMO. Sasa tuje kwa pesa. Likipimwa Nyamakima, alipe nani? Mwenye lori atamwongezea mama wa gorogoro, na mama ataacha kunijazia hadi yamwagike.