Kiwanda cha kengele Loughborough: kuna aliyewahi kuingia?

BintiShinyalu:
Habari zenu wadau. Mwezi wa nane naenda Leicester, Uingereza, kwa shemeji yangu, anafanya kazi ya kutunza wazee kule. Nikiwa huko nataka siku moja nifike Loughborough kwa John Taylor & Co., wale wanaosubu kengele za makanisa, yaani kuzitengeneza kwa kumimina shaba iliyoyeyushwa. Nasikia makumbusho yao yako palepale kiwandani.

Siendi kutalii tu. Kengele ya kanisa letu, iliyoletwa na mapadri wa Mill Hill (shirika la wamisionari Wakatoliki lililoanzishwa Uingereza) enzi za babu, imepata ufa na sasa inalia kama sufuria iliyoanguka. Wazee wamegawanyika. Wengine wanataka fundi wa kuchomelea pale sokoni aizibe, wengine wanasema ipakwe rangi ibaki ya maonyesho, tununue spika. Mwenyekiti ni mjomba wangu, na aliposikia nasafiri akaniambia, "Mwanangu, nenda ukaulize wenye kazi." Sasa naomba aliyewahi kuingia anieleze: mgeni anaonyeshwa nini hasa? Na nibebe nini ili nisirudi na picha za simu tu?

FundiShabab (Nakuru):
Dada, umeuliza mahali pake. Nilisoma Loughborough, na kwa kuwa kazi yangu ni vyuma, kila mgeni aliyenitembelea nilimpeleka pale, atake asitake.

Kufika si shida. Treni kutoka Leicester ni kama robo saa, kisha unatembea kwa miguu hadi Freehold Street. Weka nafasi mtandaoni kabla ya kutoka nyumbani, na uulize kama siku hiyo wanamimina, maana hawamimini kila siku. Makumbusho ni mazuri, ila usiache yakule muda. Jambo lenyewe liko kwenye karakana. Wako kwenye majengo hayo tangu 1859, na ndipo iliposubiwa Great Paul mwaka 1881, kengele ya kanisa kuu la St Paul's la London, zaidi ya tani 16. Mwaka uliofuata ikavutwa kwa barabara hadi London na mashine ya mvuke.

Ukifika kwenye kalibu, lile umbo wanamomiminia shaba, simama. Kalibu ya kengele ni vipande viwili: kiini cha ndani kinachotoa umbo la tumbo lake, na ganda la nje. Kati yao inabaki nafasi, na nafasi hiyo ndiyo kengele. Udongo wanaosiliba nao ni mfinyanzi na mchanga uliochanganywa na manyoya ya mbuzi na samadi ya farasi. Usicheke. Samadi ikiungua inaacha vitundu vidogo vya kupitishia gesi, la sivyo shaba ikimiminwa ingebaki na mapovu ndani. Maandishi wanayachapa kwenye ganda kinyumenyume, herufi moja moja kwa mkono, na hapo hakuna kufuta. Halafu kalibu inakaushwa hadi ikauke kabisa, ndipo wamimine shaba nyekundu na bati (tin, si mabati ya paa), takriban asilimia 77 kwa 23, kwenye joto la nyuzi 1,100 hivi.

Kuna pahali pa pili ambapo ningekuomba usiharakishwe: chumba cha kupatanisha sauti. Kengele inageuzwa mdomo juu, inafungwa kwenye mashine kubwa ya kukereza, inazunguka polepole huku kisu kikikwangua ndani. Kengele moja haitoi sauti moja. Zipo nyingi kwa pamoja, na tangu 1896 Taylor wanapatanisha tano kati yake. Ukikwangua karibu na mdomo, baadhi zinashuka zaidi. Ukipanda juu kidogo, nyingine. Wanasubu nene makusudi ili wapate cha kukwangua, na wakishapitiliza hakuna kurudisha. Mimi nimekereza shafti za trekta hapa Nakuru, lakini kazi ile ya kukata kidogo, kusimama, kugonga, kusikiliza, kukata tena, sina subira nayo.

Sasa hiyo ya kwenu. Kwanza, isigongwe tena, hata Jumapili. Pili, fundi wa mageti asiiguse! Bati ndilo linaloipa kengele mlio, na ndilo linaloifanya iwe rahisi kupasuka. Ukipiga moto sehemu moja huku nyingine ni baridi, ufa unakimbia mbele. Wapo mafundi Ulaya wanaochomelea kengele, lakini wanaipasha yote kwenye tanuri kwanza, wanaziba kwa shaba ya aina ileile, kisha inapozwa pole pole.

JuaKaliKibuye (Kisumu):
Mkuu Shabab umenifurahisha na hiyo samadi. Sisi hapa Kibuye tunayeyusha pistoni na vichwa vya injini kwa makaa na feni, tunasubu sufuria nzito za kupikia shuleni. Unyevu naujua. Kalibu ikiwa na maji kidogo tu, aluminiamu inaruka juu kama risasi, na hiyo ni nyuzi 700 tu. Swali langu: dada akituletea vipimo, si tunaweza kumtengenezea kengele hapahapa? Koki za zamani za shaba tunazo magunia.

MwalimuMstaafu:
Nauli yote hiyo kwenda kutazama kengele! Shule niliyofundisha tulining'iniza rimu ya lori kwenye mwembe na watoto walisikia hadi ng'ambo ya mto. Pesa wekeni kwenye paa la kanisa.

FundiShabab (Nakuru):
Mwalimu, shikamoo. Rimu siibezi, nami nimekimbizwa nayo. Lakini nauli ni ya kumwona shemeji, Loughborough ni tiketi ya treni tu.

Kibuye, mkono wenu nauamini, mali ghafi ndiyo siiamini. Koki ni shaba na zinki, si shaba na bati, mlio wake unakufa haraka. Aluminiamu ndiyo usiseme. Ila mkipata bati safi na shaba ya nyaya za umeme, jaribuni kengele ndogo ya shule, mimi nitakuja kuisikiliza.

Dada, vya kubeba. Pima upana wa mdomo, ukingo hadi ukingo, kwa milimita. Wenyewe wakiujua huo wanakadiria uzito. Piga picha ufa ulipoanzia na ulipoishia, na ndani juu kabisa pale ulimi, kile kipande kinachoigonga kengele, unaponing'inia. Kengele nyingi za zamani zina chuma kilichosubiwa ndani ya shaba hapo juu. Kikipata kutu kinavimba na kuipasua kengele kutoka kichwani. Kama ufa wenu umeanzia huko, ndiyo sababu. Kama umeanzia mdomoni, uliza nani alikuwa anavuta kamba. Kamba ikifungwa kwenye ulimi na mtu akaukandamiza badala ya kuuachia uruke, kengele inapasuka. Hata Big Ben, kengele ya saa ya Bunge kule London, ina ufa tangu 1859, nyundo ilikuwa nzito mno. Waliigeuza ipigwe upande mwingine, wakaweka nyundo nyepesi, na ufa bado upo.

Maandishi je, yanasomeka?

BintiShinyalu:
Yapo ukingoni lakini yamejaa kinyesi cha popo na rangi ya zamani. Nimeona herufi chache na mwaka unaoanza na 19. Si ndiyo kusema ni ya Taylor?

FundiShabab (Nakuru):
Hapana, usiwahi. Mapadri wengi wa Mill Hill walikuwa Waholanzi, huenda waliagiza kwao. Huko nako kuna wasubu wakubwa, kama Eijsbouts wa Asten, walioanza 1872. Osha kwa maji na brashi laini, usitumie asidi wala msasa. Kisha paka unga wa chaki juu ya herufi, upige picha taa ikimulika kutoka ubavuni. Jina la msubu kwa kawaida liko hapo. Likiwa la Taylor, wana kumbukumbu za kengele zao, waombe wakutafutie.

BintiShinyalu:
Asanteni sana. Nimempigia mjomba sasa hivi: kumbe mchomeleaji alikuwa aje Jumamosi na jenereta yake. Ameahirishwa. Mwalimu, paa nalo limeingia kwenye ajenda, usijali. Picha za maandishi nitaziweka hapa katekista akipata ngazi ndefu.