Kulanti ya nano: sayansi au tunapigwa?

DerevaKitonga: Wakuu, kuna jamaa anauza kulanti, yale maji ya kupozea injini, yenye chembe za nano za alumina (oksidi ya alumini). Anaapa gari halitachemsha tena hata mlima Kitonga na mzigo. Bei yake mara nne ya kulanti ya kawaida. Kuna ukweli?

MhandisiMkavu: Upo. Maji hayapitishi joto vizuri kama madini, kwa hiyo unayachanganya na chembe ndogo mno. Stephen Choi wa maabara ya Argonne, Marekani, aliyapa majimaji ya aina hiyo jina la "nanofluid" mwaka 1995. Kuna jaribio uwezo wa kupitisha joto ulipanda asilimia 40. Waulize wahandisi, achana na mafundi wa chini ya mwembe.

Spana14: Wa chini ya mwembe ndio tunaofungua injini mkishazinokisha na digrii zenu. Juzi nimefungua rejeta iliyotiwa "dawa" ya dukani: tope la kijivu, nasukuma waya kwenye mirija haupiti. Chembe zako zikituama zinakwenda wapi?

MhandisiMkavu: Zinatiwa kemikali zisigandane. Wewe si ndio nyie mliong'oa themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, kila gari nchi hii?

Spana14: Tunang'oa kwa sababu huku joto! Hiyo ni ya Ulaya kwenye barafu.

MamaFuso: Kaka Spana, hapo hapana. Injini isipofikia joto lake inakula mafuta na silinda zinalika. Yangu iling'olewa bila kuambiwa, nikawa nalaumu dereva anaiba dizeli. Kijana wa watu nikamfukuza.

Spana14: Pole dada, ila si mimi.

Kipimajoto: Jamani, mada! Hiyo 40 ilikuwa chembe za shaba ndani ya ethilini glaikoli, kimiminika kinachotiwa kwenye kulanti, 2001. Mwaka 2009 maabara zaidi ya 30 zikapima sampuli zinazofanana za majimaji ya nano, muujiza haukuonekana. Tena chembe zikizidi majimaji yanakuwa mazito, pampu inataabika. Na kwenye rejeta joto hukwama zaidi upande wa hewa. Feni mbovu na mapezi yaliyoziba udongo hayaponi kwa nano.

Spana14: Nani kakwambia feni zangu mbovu?

MhandisiMkavu: Kipimajoto, utafiti haukuishia 2009.

Kipimajoto: Na jamaa wa bei mara nne amekuonyesha upi?

DerevaKitonga: Sasa themostati ya Fuso inafunguka digrii ngapi?

MamaFuso: Imegongwa juu yake. Ukiitilia shaka, itumbukize kwenye sufuria la maji jikoni, uone inapofunguka.

Spana14: Sufuria la nani?