Salsa, bachata au kizomba: nianze na ipi hapa Dodoma?

Zabibu41
Wakuu habari za jioni. Mwezi huu nalipia mafunzo ya dansi ya wawili. Mwalimu anafundisha salsa, bachata na kizomba, ila hela inatosha moja tu. Nimechoka kukaa klabu na soda mkononi kama mlinzi. Ipi inalipa zaidi?

Mguu_wa_Kushoto
Maswali kwanza, mkuu. Una mwenza? Mara ngapi kwa wiki? Na huko unakoenda DJ anapiga nini? Usije ukalipia salsa halafu ukumbini ni amapiano mpaka alfajiri.

KiatuChepesi
Bila hata kusubiri majibu: bachata. Hatua tatu kando, ya nne unagusa tu chini na nyonga inapanda kidogo, unarudi ulikotoka. Mapigo 120 hadi 140 kwa dakika. Salsa nyingi zinakwenda 160 hadi 220, tena kwenye hesabu ya 1 hadi 8 kuna 4 na 8 ambazo hukanyagi. Anayeanza anazijaza hizo nafasi, ikifika 5 uzito uko kwenye mguu usio wake, mnagongana magoti.

Mzee wa Rumba
Kiatu, usimpoteze mwenzio. Bachata hatua zake chache, ndiyo maana ubovu unaonekana upesi. Shule ni salsa. Unayeongoza: 1 kushoto mbele, 2 uzito urudi kulia, 3 kushoto katikati, 5 kulia nyuma, 6 uzito urudi kushoto, 7 kulia katikati. Ukimzungusha mwenzio kulia, dalili aipate kwenye 3, mkono uwe juu kabla ya 5, amalize mzunguko 5-6-7. Ukiinua kwenye 6, mguu wake umeshakanyaga bila kugeuka, unachozungusha ni bega peke yake.

DadaWaKisasa
Hapo kwa bega, shikamoo mzee, umesema. Na kidole gumba kisimbane: vidole vyake vining'inie tu kwenye vyako, ili avitoe akitaka. Mkono wako wa kulia uwe kwenye bapa la bega lake, siyo kiunoni.

Halafu hizi mbwembwe za kumlaza mtu chali mkononi mwisho wa wimbo! Ukumbi mmoja hapa mjini jamaa alimlaza binti kwenye marumaru zenye bia iliyomwagika. Kulaza kunataka utanue miguu, ukunje goti la upande anaoendea, na binti abaki na uzito kwenye mguu wake mwenyewe. Jamaa kasimama miguu pamoja kama yuko gwaride, kavuta kwa shingo. Kisigino cha binti kikateleza, kiganja kikatangulia chini. Wiki sita na hogo mkononi. Na wala hakuulizwa kama anataka kulazwa.

Zabibu41
Asanteni. Sina mwenza, nakaa Nkuhungu, kazini natoka saa 3 usiku, nafasi ni Ijumaa tu. Na nilisahau kusema, mimi ni mwanamke.

Mguu_wa_Kushoto
Dada, tumekufundisha kuongoza bure! Sasa geuza: salsa unaanza na kulia nyuma kwenye 1. Ila kwa anayefuata mimi ningesema kizomba. Ni ya taratibu, inakufundisha kusubiri uzito wa mwenzio uhame ndipo uhamishe wako. Kosa kubwa la wanaofuata ni kubahatisha hatua inayokuja. Magoti yalegee, usimning'inie shingoni. Asiyekupendeza, weka mkono wa kushoto mbele ya bega lake, nafasi inapatikana yenyewe bila ugomvi.

KiatuChepesi
Kizomba ni ya Angola, siyo Latini kama salsa na bachata. Mbona imeingia kwenye orodha?

Mzee wa Rumba
Na hao Walatini walitoa wapi kama si Afrika? Santuri za GV, mfululizo wa kampuni ya HMV, zilianza 1933 na nyimbo za Kuba, zikafika Kongo. Zimeandikwa rumba, zenyewe nyingi ni son, mtindo mwingine wa Kuba. Rumba ya Kongo ikazaliwa hapo, na UNESCO wakaiorodhesha 2021. Hapo jirani Morogoro, Salum Abdallah bendi yake aliiita Cuban Marimba. Chacha na bolero wazee wetu walizicheza kabla hujazaliwa, bila kulipia darasa.

KiatuChepesi
Bachata UNESCO waliiweka 2019, mzee. Tumewatangulia.

DadaWaKisasa
Acheni mashindano, dada anavaa nini miguuni? Raba zinang'ang'ania saruji: mwili unazunguka, mguu umebaki, goti ndilo linaloumia. Soli ya sueidi, ile ngozi yenye vinyweleo, ni nzuri kwenye mbao, ila kwa vumbi letu inaziba haraka, inataka brashi ya waya. Na ikiloa bia imekwisha. Peleka kiatu chenye mkanda wa kifundo kwa fundi, abandike soli ya ngozi laini. Kisigino sentimita 5 zinatosha. Na wanaomwaga poda sakafuni wakimbie.

Mguu_wa_Kushoto
Poda ni balaa. Anateleza hata asiyecheza.

Zabibu41
La viatu nimelipata. Ila nimempigia mwalimu sasa hivi: Ijumaa ana salsa tu, bachata Jumanne, kizomba Jumapili mchana. Kuna anayejua mtu wa kubadilishana naye zamu?

KiatuChepesi
Zamu ya kazi au ya dansi?