Dogo wa chuo na kidudu kisicho na tumbo: fedha za umma zitoke au zisitoke?

Wakuu, salaam. Jana ndani ya mwendokasi, tukitokea Kimara, kijana mmoja wa chuo alisema anataka shahada ya pili kuhusu kiumbe kinaitwa Trichoplax. Jirani yake akaangua kicheko: "Serikali ikulipie uangalie kidudu kisicho na tumbo?" Mpaka tunafika Kivukoni basi lilikuwa kambi mbili.

Mimi niko kambi ya dogo. Kidudu chenyewe ni kibapa cha milimita chache. Franz Eilhard Schulze alikieleza mwaka 1883 baada ya kukutwa kwenye tangi la maji ya bahari huko Graz, Austria. Hakina misuli wala neva. Kinatambaa kwa vinyweleo vya chini ya tumbo (samahani, tumbo hakina), na upande mmoja wa mwili unaweza kuvuta kulia, mwingine kushoto. Mvutano ukiwa wa wastani, seli hubadilishana majirani, tishu (tabaka la seli zilizoshikana) ikanyumbuka. Ukizidi, inatoboka matundu. Tena huzaana kwa kujikata vipande viwili! Anayepika chapati ananielewa: donge lililopumzika ukilivuta linafuata, ukilivuta kwa pupa linachanika. Kibofu chako kinajaa na kutanuka kila siku bila kuchanika. Kwa nini? Mimi ningeanzia kwa asiye na mambo mengi mwilini.

Mzee wa Kunduchi: Kibofu ni kazi ya Muhimbili, mkuu. Watoto wa udaktari wenyewe mikopo haiwatoshi. Dogo atafute mfadhili wa nje.

Binti Pwani: Shikamoo mzee. Sifongo je, wale wanyama wa baharini? Mwaka 1907 H. V. Wilson, Mmarekani, alizikamua kwenye kitambaa cha hariri mpaka seli zikaachana, zikajikusanya zikawa sifongo upya. Leo Jambiani kule Unguja akina mama wanakata sifongo vipande, wanavitundika baharini kwenye kamba, vinakua, wanauza.

Mzee wa Kunduchi: Marahaba. Akina mama hao walihitaji kisu na kamba. Tasnifu hawakuisubiri.

Mimi mleta mada: Hapo umenibana, mzee. Ila tusifanye kama dogo anaomba meli. Kidudu chake kinafugwa kwenye kisahani, kinakula mwani. Darubini vyuo vinazo, na maji ya chumvi yapo bure Coco Beach.

Mzee wa Kunduchi: Ya Coco Beach ayachuje kwanza.