Naomba ushauri: Sarafu imechakaa, au ni muhuri wa kugongea sarafu uliochakaa?

Ndugu wakusanyaji, habari zenu. Niko Kirumba, Mwanza, na nina sarafu mbili za senti 20 za mwaka 1966, zile zenye mbuni upande mmoja na Mwalimu Nyerere upande wa pili. Ya kwanza haina utata: imelika sehemu zilizoinuka na imefifia, kama kawaida ya hela iliyopita mikono mingi.

Ya pili ndiyo inayonitatiza. Manyoya ya mbuni hayasomeki na herufi zimevimba kuelekea ukingoni, lakini mng'ao wa kiwandani umeenea kote, hata shavuni mwa Mwalimu. Nikiinamisha sarafu chini ya taa naona mistari myembamba ikitawanyika kuelekea ukingoni. Nijuavyo, mistari hiyo hutokana na muhuri wa chuma uliogonga vipande vingi mno hadi uso wake ukalika. Mnunuzi mmoja, ambaye nadhani hata lenzi hana, anang'ang'ania kuipa bei ya sarafu chakavu.

Je, nitawezaje kuwa na hakika kwamba si pigo hafifu tu, yaani muhuri kugonga bila nguvu ya kutosha, na mngeipanga katika daraja la sarafu ambazo hazijawahi kutumika mitaani?